Sanduku la Maoni Lililohamia Karibu na Choo

Hebu niambieni, ninyi vijana mnaovaa vitambulisho shingoni: siku ya mitingi kubwa, kile chakula cha mchana kinachopangwa mezani, huwa mnauliza kimeletwa na nani? Hamuulizi. Mnachukua sahani, mnakaa, mnakula. Mimi niliuliza. Nusura nifukuzwe kazi kwa swali hilo. Leo nitawaeleza, kwa hiyo kaeni vizuri, na wewe unayeangalia simu, iweke chini kidogo, haitakimbia.

Mimi ni Mama Sifa. Wajukuu wananiita Koko. Shule nilifika darasa la pili, kwetu Fizi, Kongo, halafu vita, halafu kambi Tanzania miaka mingi mpaka Kiswahili changu kikachanganyika hivi mnavyokisikia, halafu ndege, halafu DeSoto, huku Texas. Kazi yangu ilikuwa usafi wa ofisi, shifti ya mchana, Richardson, ghorofa ya nne. Kusafisha, kupanga kahawa, kupanga viti, kukusanya vikombe. Msicheke. Mtu anayekusanya vikombe anajua mambo ambayo bosi hayajui.

Nitawapa siri. Mgeni aliyeridhika anaacha kikombe kitupu na kiti kimegeuka upande, maana aliondoka akiongea. Mgeni aliyekasirika anarudisha kiti chake vizuri kabisa, kama mtu anayefunga mlango, na kahawa yake imejaa, imepoa. Na ukikuta karatasi ya kufutia mdomo imechanwa vipande vidogo vidogo kama mbegu za ufuta, ujue hapo alikaa mtu aliyetaka kusema akanyamaza. Mimi sikusoma vitabu, nilisoma meza.

Kazi alinifundisha Baba Ombeni, mtu wa Uvira, mzee wa maneno. Siku ya kwanza nilisugua kahawa iliyomwagika kwenye zulia, nasugua kama nasugua sufuria. Akasimama juu yangu.

"Ninyi watu wa Fizi, mnafua zulia?"

"Si limechafuka?"

"Unaipeleka kahawa chini ikalale. Gandamiza, mama! Weka kitambaa cheupe, gandamiza, inua. Maji ya baridi. Siki kidogo. Usisugue. Ukisugua, doa linakuwa mwenyeji wa hapa, linapewa karatasi za ukaazi kabla yako."

Tukacheka. Lakini ushauri ni huo mpaka leo, hata nyumbani kwenu: gandamiza, usisugue.

Kitu kingine alichonifundisha ni kupiga mifuko. Kabla ya kutoka mlangoni, unasimama, unapiga mfuko wa kulia, wa kushoto, na wa aproni. Pa, pa, pa. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ya ofisi haitoki nje, hata iwe chafu, hata iwe na ketchapu. Ikikutwa kwako, umekwisha. Kampuni yetu ya usafi ilikuwa imeshawafukuza wawili kwa jambo hilo.

Bon. Ofisi yenyewe ilifanya nini? Mwaka mzima nilishuku. Hawauzi kitu, hawatengenezi kitu, wanaangalia tu mistari kwenye kompyuta. Nikamuuliza Ombeni. Akanivuta dirishani.

"Unaona zile nyaya kubwa, zile za minara ya chuma?"

"Naziona. Hata ukienda Mansfield ziko."

"Zina mwenyewe. Kampuni moja kubwa. Lakini umeme unaopita humo si wake peke yake. Miji midogo inataka kupitisha, watu wa mashine za upepo wanataka kupitisha. Sasa mwenye nyaya akipanga foleni yeye mwenyewe, atamweka nani mbele?"

"Atajiweka yeye."

"Ndiyo maana kuna hawa wetu. Ni watu wa katikati. Wanapokea maombi, wanapanga foleni, wanajibu. Hawana upande."

Hawana upande! Nikamwangalia Ombeni usoni nione kama anacheka. Hakucheka. Lakini mimi moyoni nikaanza kuuliza.

Mnisikilize, maana hapa ndipo penye kiini. Kwetu, watu wawili wakigombana mpaka wa shamba, anaitwa mtu wa tatu apande miti ya mpaka. Na huyo mtu, tangu asubuhi mpaka mti wa mwisho ushikwe na udongo, hali kwa huyu, hali kwa yule. Hata maji. Anakuja na viazi vyake vya kuchemsha kwenye mfuko, anakaa pembeni, anakula watu wote wakimwona. Baba yangu mdogo aliitwa siku moja kupanda. Jua kali, njaa, upande mmoja wakamletea samaki na ugali wa muhogo, akala. Akapanda miti mahali pake, sawasawa kabisa, hata wazee walikubali ni sawa. Kesho yake asubuhi tukakuta imeng'olewa yote. Yote! Kwa nini? Kwa sababu ya samaki.

Basi mimi nikaanza kumtafuta samaki wa Richardson.

Kila mwaka ofisi iliwaita wateja wake. Mwaka huu Richardson, mwaka ujao Houston. Wanakuja watu wa miji midogo, watu wa upepo, watu wa jua, na mwenye nyaya naye anatuma mtu wake. Wanaongea asubuhi nzima, na mwisho kila mteja anapewa fomu: umeridhika na huduma yetu? Kuna visura, cha kucheka mpaka cha kununa. Unaweka alama, unaandika neno ukitaka, unatumbukiza kwenye sanduku la plastiki. Majibu yanapelekwa juu, kwa wakubwa wa serikali, yaonyeshe kwamba mtu wa katikati anafanya kazi vizuri.

Na kila mwaka visura vilicheka. Bosi wetu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, aliwasomea wafanyakazi matokeo, wanapiga makofi. Mimi niko nyuma na trei, naangalia vikombe. Vimejaa! Viti vimerudishwa! Ufuta umetapakaa meza nzima! Nikamwambia Ombeni, "Hawa wanaocheka kwenye karatasi, mbona hawanywi kahawa?"

"Mama Sifa, pengine kahawa yako ni mbaya."

"Kahawa yangu? Toka hapa."

Basi mitingi iliyofuata pale Richardson nikaweka jicho. Sanduku lilikuwa mwisho wa meza ya chakula. Na nani kasimama karibu ya sanduku, na sahani yake, na meno yake yote nje? Mtu wa mwenye nyaya. Mtu mzuri, msinielewe vibaya, anasalimia kila mtu kwa jina, anauliza watoto hawajambo. Lakini kila anayekuja na fomu lazima apite chini ya kwapa lake. Sasa wewe kesho umeme wako unapita kwenye nyaya za huyo bwana, utaweka kisura cha kununa mbele yake?

Kulikuwa na mteja mmoja, mzee wa kofia kubwa, msimamizi wa umeme wa mji mdogo huko mashambani. Aliandika kitu kwenye karatasi ya kufutia mdomo, kama mtu anayejaribu maneno kabla ya kuyaweka kwenye fomu. Mtu wa nyaya akamjia kwa nyuma, akampiga begani, "Habari ya wajukuu!" Mzee akashtuka, kahawa ikamwagika, hadi kwenye zulia. Nikakimbia. Gandamiza, inua, gandamiza, inua. Nilizoa karatasi zote za mezani kwa sababu kapu la taka lilikuwa limetolewa, nikazisukuma kwenye mfuko wa aproni. Nilipoinuka nikamwona mzee anaweka alama kwenye kisura kinachocheka sana. Akatumbukiza. Akarudisha kiti chake vizuri. Kikombe cha pili nilichomwekea hakukigusa.

Na mimi siku hiyo gari la kutupeleka DeSoto lilikuwa linapiga honi. Nilikimbia. Sikupiga mifuko.

Nyumbani nafua aproni, natoa makaratasi yamelowa, moja ina maandishi. Mjukuu wangu Neema alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko mezani na masomo yake.

"Neema, nisomee hii."

Yeye hunijibu Kiingereza, mimi nasema Kiswahili, tunaelewana hivyo hivyo. Akasoma taratibu, akaniambia maana yake: mara tatu tumeuliza kwa nini ombi letu lilirudishwa nyuma ya foleni, hatujajibiwa. Nyumba yetu ya wazee inataka umeme wa uhakika kabla ya baridi. Siwezi kuyaandika haya kwenye fomu, mwenye nyaya amenisimamia kichwani.

Nikakaa kitako. Mnaikumbuka baridi ile ya barafu? Sisi na majirani tulilala watu sita kwenye godoro moja, mabomba yamepasuka, na kwa mbali maghorofa matupu yanawaka kama Krismasi. Nikawawaza wazee wa yule mzee wa kofia, na mablanketi yao.

Neema akaniuliza, "Koko, hii imetoka ofisini?"

"Ndiyo."

"Wewe si ulisema ikitoka ofisini unafukuzwa?"

Mtoto ana kumbukumbu kali sana huyu. Kweli. Nikiirudisha kwa bosi, nimejishtaki mwenyewe, na mzee wa kofia nimemwanika mbele ya wote. Nikiitupa, wazee wale wataingia baridi bila jibu, na mimi ndiye niliyejua. Kazi ile ndiyo ilikuwa paa letu, mimi na Neema, hakuna mtu mwingine.

Kesho yake nikamweleza Ombeni kwenye chumba cha mafagio. Alifunga mlango kwanza. Halafu akasema, "Hiyo si karatasi ya ofisi. Ni ya aliyeandika. Mrudishie."

"Nimrudishie wapi? Simjui."

"Mitingi ya Houston si anakuja?"

"Ni mwakani!"

"Basi wewe endelea kuwa na hofu mpaka mwakani. Ninyi watu wa Fizi mna pumzi."

Nilikaa nayo. Niliipiga pasi, moto mdogo, ikanyooka. Niliiweka kwenye kopo la majani ya chai, na kila nikipika chai namuuliza Mungu kama nimefanya vizuri. Baridi ya mwaka huo ikapita nyepesi, Mungu alisaidia, hakikuzimika kitu. Lakini nilikuwa nasikiliza upepo kila siku kama mwizi.

Houston tulipelekwa na van, mimi na supavaiza wetu, Njoroge, kijana wa Kenya, msafi, mwoga. Njia nzima ananihubiria, ananiita mathe, ndiyo mama kwao: "Mathe, leo ni kahawa tu. Usiniletee story. Weka kahawa, toa vikombe, tumemaliza."

"Kahawa tu, mwanangu."

Tukafika. Hoteli kubwa, zulia zito, nikalionea huruma. Chakula kikaletwa kwa trei. Na pembeni ya kila trei kuna stika. Kusoma sijui, lakini alama naijua: ni ile ile iliyo kwenye magari ya mwenye nyaya, yale yanayosimama chini ya minara. Nikaangalia trei ya kwanza, ya pili, ya tano. Zote. Nikasema peke yangu, aah, samaki ndiye huyu.

Sanduku walikuwa wameshaliweka mwisho wa meza, na mtu wa nyaya ameshaanza kusalimia. Nikasubiri wote waingie ukumbini. Nikalibeba sanduku kama nalipeleka kufutwa vumbi, nikatoka nalo kwenye korido, kona ya vyoo. Pale pana kimeza cha maua. Nikatoa maua, nikaweka sanduku, fomu na kalamu. Kwa nini chooni? Fikirini wenyewe. Ni sehemu gani kwenye mitingi kila mtu huenda peke yake, na hakuna anayemuuliza habari ya wajukuu?

Nikarudi kugawa kahawa. Mzee wa kofia yuko mezani, kiti kile kile cha mwisho. Nikamwekea kisahani, juu yake karatasi iliyopigwa pasi, juu yake kikombe. Akainua kikombe. Akaiona. Yesu wangu, moyo wangu! Akanitazama mimi, akatazama aproni yangu. Nikamwonyesha kwa kidevu, kule kwenye korido. Alikunywa kahawa yote, mpaka chini, akaiweka karatasi kwenye mfuko wa shati, akasimama akaenda. Alikaa huko muda mrefu kuliko wanavyokaa watu chooni. Alipopita karibu yangu akagusa ukingo wa kofia, akasema "Ma'am," basi.

Halafu ikaanza. Mtu wa nyaya anaulizia sanduku. Limekwenda wapi? Nani amelihamisha? Njoroge akanijia jasho linamtoka.

"Mathe, niambie si wewe."

"Ni mimi."

"Wee mathe, umenimaliza!"

Bosi akatoka mwenyewe, mkononi ana mkate wa nyama ameumega nusu. Mtu wa nyaya yuko nyuma yake. Akaniuliza taratibu kwa nini nimegusa sanduku. Kiingereza changu ni cha kahawa na sabuni, nikamwambia Njoroge atafsiri. Nikaeleza mpaka wa shamba, mtu wa tatu, viazi kwenye mfuko, baba yangu mdogo, samaki, miti iliyong'olewa. Nilisema maneno marefu. Njoroge akatafsiri maneno matano. Nikashuku.

"Umemwambia samaki?"

"Mathe, please."

"Mwambie samaki, Njoroge. Yote."

Akasema yote, anaangalia viatu vyake. Bosi akauliza, "Sasa samaki wetu ni yupi?"

Nilinyoosha kidole kwenye trei, kwenye ile stika. Bosi akageuka, akaiangalia. Akaangalia trei ya pili. Halafu akaangalia mkate uliokuwa mkononi mwake. Mtu wa nyaya akaanza kucheka, anasema ni ukarimu tu, kila mwaka wanaleta, haina maana yoyote. Na mimi naamini alisema kweli! Hata ule ugali wa baba mdogo haukuwa na maana yoyote. Bosi hakucheka. Akauweka mkate juu ya sahani ya karatasi, pole pole, akajifuta vidole kimoja kimoja. Akasema sanduku libaki pale lilipo.

Njoroge njia nzima ya kurudi hakuhubiri. Tulipofika Ennis, karibu na kwetu, ndipo akasema, "Mathe, mimi nimekula sandwichi mbili." Nikamwambia wewe si mtu wa katikati, wewe ni mtu wa kahawa, kula.

Mwaka ule visura vilivyonuna vilikuwa vingi. Hakuna aliyepiga makofi. Niliogopa, nikasema sasa nitaitwa. Nikaitwa. Bosi ananiuliza kitu kimoja tu, kama ule mti wa mpaka kwetu una jina. Nikamwambia. Akaliandika. Karatasi ya mzee hakuitaja, na mimi sikuitaja. Hapo nilifanya vizuri au vibaya, sijui, mtaniambia ninyi mliosoma.

Mitingi iliyofuata, chakula kilinunuliwa na ofisi yenyewe, kibaya kweli, mkate mkavu. Mtu wa nyaya alikaa upande wake. Mzee wa kofia alikunywa vikombe viwili, kiti akakiacha kimegeuka. Akamwambia Njoroge aniambie kwamba walijibiwa kwa barua, ukurasa mzima, kwa nini walirudishwa nyuma, na kwamba sasa wako mbele kidogo. Nikauliza, nyumba ya wazee je? Akasema ina umeme, na ina mashine yake ya akiba, maana naye haamini mtu. Nilimpenda sana mzee yule.

Msidhani nilipona kushuku. Siku hizi hakuna sanduku. Fomu ziko kwenye kompyuta, mteja anajibu akiwa kwake. Wananiambia, Koko, hii ni salama zaidi, hakuna anayesimama kichwani. Nawauliza, mnajuaje? Mtu aliyesimama nyuma ya sanduku nilimwona meno. Aliyesimama nyuma ya kompyuta nitamwona wapi? Na kompyuta haiachi kikombe. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa, lakini nikisikia "wateja wameridhika" bado nauliza: walikunywa kahawa?

Sasa Neema. Yule wa miaka kumi na mitatu amemaliza chuo pale pale Richardson, na mwezi uliopita amepata kazi. Nikauliza kazi gani. Akaanza kuzunguka zunguka, halafu akasema: ofisi ya watu wa katikati, ya nyaya. Si ile yangu, nyingine, Houston. Na kazi yake ya kwanza ni kufungua majibu ya wateja na kuyaandikia ripoti.

Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, majirani wakagonga ukuta. Halafu nikashuku. Nikamkalisha jikoni, nikachota sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, nikampa. Nikamwambia, utasoma hata wale walioandika neno moja? Akasema atasoma. Nikamwambia, na wale walioweka kisura cha kucheka wasiandike kitu, hao je? Akasema hao ndio atawapigia simu kwanza. Jibu zuri, lakini watu wa chuo wana majibu mazuri, sikumwachia. Nikaendelea kumwangalia tu.

Akacheka. Akaweka kijiko chini. Na huyu mtoto ambaye maisha yake yote hunijibu Kiingereza, aliniambia kwa Kiswahili, pole pole, anatafuta kila neno:

"Koko, nakuahidi. Siku ya mitingi nitabeba sombe yangu kutoka nyumbani, na nitakula mahali watu wote wananiona."